Amana ya Mtunza Mitambo

Kuna kazi zinazosifiwa zikitendeka, na kuna kazi zinazokumbukwa zikiharibika tu. Mwashi akimaliza ukuta, wapitao huutazama. Mpishi akipakua chakula, walaji humshukuru. Lakini mtu anayetunza mitambo ya kompyuta katika chuo, hospitali au ofisi ya halmashauri hana ukuta wa kuonyesha wala sahani ya kupakua. Kazi yake ikiwa njema, hakuna aijuaye. Ikiwa mbaya, hakuna asiyeijua. Wanafunzi hupata matokeo yao, wagonjwa hupata majibu ya vipimo vyao, walipaji hupata namba zao za malipo, na jina la mtunzaji halitajwi. Siku mtambo unapozima, jina lake hutajwa na watu wote katika saa moja.

Watu wa namna hii si haba sasa katika Nyanda za Juu Kusini. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho asili yake ni chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka wa 1986. Ina hospitali ya rufaa ya kanda, mabenki, na ofisi za Serikali. Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu cha Mkwawa, ina Chuo Kikuu cha Iringa, na ina Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Baina ya miji hii miwili mna barabara ya zaidi ya kilomita 300, inayopita Mafinga na Makambako penye baridi na ukungu. Na mkongo wa taifa wa mawasiliano umeiunganisha miji yote miwili. Mahali pote hapa pana chumba kimoja chenye mlango uliofungwa, baridi ya mashine, sauti ya mapangaboi, na mtu mmoja au wawili wenye ufunguo. Insha hii inahusu ufunguo huo, lakini si ule wa chuma. Inahusu ufunguo ulio katika kichwa cha mtu.

Kazi ya watu hawa inabadilika. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya mkono. Kompyuta thelathini zikifika katika chumba cha wanafunzi, mtunzaji aliketi mbele ya moja, akaweka programu, akaandika nywila, akafunga milango ya mtandao isiyohitajiwa, akahamia ya pili. Alipofika ya ishirini macho yalikuwa yamechoka. Katika ya ishirini na tatu alisahau jambo moja. Na jambo hilo hujulikana baada ya miezi sita, mwizi anapopita pale pale. Sasa mtunzaji anatakiwa ajifunze kazi ambayo zamani ilikuwa ya watu wengine, nayo ni kuandika programu. Anatakiwa aeleze mara moja, kwa lugha ambayo mtambo unaifahamu, namna kila kompyuta inavyopaswa kuwa. Kisha programu husoma maelezo hayo na kuzitengeneza zote thelathini. Maagizo mema ya namna hii yana tabia ya ajabu. Hayasemi, "Tenda hiki." Husema, "Hali na iwe hivi." Hali ikiwa hivyo tayari, programu haigusi kitu. Ikiwa imepotoka, huirudisha katika njia. Maagizo yakiendeshwa mara moja au mara kumi, mwisho wake ni ule ule.

Wazo hili si la jana. Mwaka wa 1993, huko Oslo, Mark Burgess alitengeneza programu iliyoitwa CFEngine kwa kusudi hilo hilo, kwa sababu mitambo ya chuo kikuu ilikuwa mingi kuliko mikono ya kuitunza. Mwaka wa 2005 Linus Torvalds alitoa Git, daftari la kuhifadhi kila badiliko la maandishi ya programu pamoja na jina la aliyelifanya, siku yake, na sababu aliyoiandika. Mwaka wa 2009 Patrick Debois aliwakutanisha katika mji wa Ghent, Ubelgiji, watu waandikao programu na watu wazitunzao, waliokuwa wamezoea kulaumiana toka pande mbili za ukuta. Toka wakati huo ukuta ule umekuwa ukibomolewa duniani kote, na vumbi lake limefika Mbeya na Iringa.

Kujifunza ni jambo jema. Hilo halina mjadala. Walakini chini ya jambo hili jema pana swali gumu la haki, na ni swali ambalo mafunzo ya siku tano hayaligusi. Mtunzaji anapoombwa aandike kila analolijua ili mtambo ulitende bila yeye, anaombwa nini hasa? Je, anaombwa kufanya wajibu wake, au anaombwa kulichimba kaburi la mkate wake? Ujuzi ule ni mali ya nani? Na maagizo yake yakija kuleta msiba, msiba ule ni wa nani?

Na afikiriwe mzee mmoja mtunza mitambo wa Iringa, aliyekaa katika kazi yake miaka ishirini. Anaijua seva moja ambayo ikizimwa haiwaki mpaka waya fulani ung'olewe na kurudishwa. Anajua ni kwa nini nakala za akiba hazichukuliwi siku ya mshahara. Hakuna mahali ambapo mambo haya yameandikwa. Anakuja kijana kutoka Mbeya, aliyehitimu juzi, anampa shikamoo, na baada ya siku kadhaa anasema kwa adabu, "Mzee, naomba unieleze hatua zako, niziandike ziwe maagizo." Mzee anajibu, "Marahaba, mwanangu. Haya mambo hayaandikiki. Utayajua taratibu." Katika jibu hilo mna kweli kidogo, mna kiburi kidogo, na mna hofu kubwa. Hofu ile haistahili kuchekwa. Mtu mwenye watoto shuleni na miaka minane kabla ya kustaafu hana budi kujiuliza atabakiwa na nini akiisha kukitoa kichwa chake na kukiweka mezani.

Hofu hii ni kongwe kuliko kompyuta. Katika Ufipa, na kwa Wanyiha wa Mbozi, ambako zamani palihesabiwa katika Mkoa wa Mbeya na toka mwaka wa 2016 ni Mkoa wa Songwe, palikuwa na mabingwa wa kuyeyusha chuma. Wafipa walijenga tanuri za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, wakazipanga kwa mkaa na mawe ya chuma, zikawaka kwa upepo ulioingia wenyewe chini. Kilichotoka wakakirudia katika tanuri ndogo yenye mivukuto. Ilikuwa elimu ya juu. Elimu hiyo ilizungushiwa ua wa dawa na miiko, na aliyeingia ndani ya ua alikuwa mwana wa ukoo au mwanafunzi aliyechaguliwa. Mithali ya Kiswahili husema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta; maana yake ni kwamba ujuzi ulipita kwa damu na kwa kukaa karibu na moto, si kwa kuandikwa.

Je, siri ile iliwaokoa? Haikuwaokoa. Majembe ya viwanda vya ng'ambo yalikuja kwa bei nafuu, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 tanuri zikapoa moja baada ya nyingine. Jembe la kigeni halikuuliza siri ya mtu. Lilipita nje ya ua. Wazee wakafa na sehemu kubwa ya elimu yao, na wataalamu waliokuja baadaye kuuliza walilazimika kuokota mabaki katika kumbukumbu za wachache waliobaki. Basi siri ilishindwa mara mbili: haikuilinda kazi ya mhunzi, wala haikuilinda elimu ya uhunzi. Hili ndilo jibu la kwanza kwa mzee wa Iringa, na si jibu la dharau. Mkate hauponywi kwa kuficha unga. Badiliko likitaka kuja, halitapita katika mlango anaoulinda. Litakuja kwa barua ya kutangaza kwamba huduma yote imehamishiwa kwa kampuni ya mbali, na siku hiyo siri zake zitakuwa siri za nyumba iliyohamwa.

Lakini hoja ya faida haitoshi. Mtu hawezi kuambiwa atende haki kwa sababu tu uovu haulipi. Sharti paangaliwe asili ya ujuzi wenyewe. Mtunzaji aliupataje? Aliupata kwa kukesha. Na kukesha kule ni kwake, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini aliupata kwa mitambo iliyonunuliwa kwa fedha za umma, kwa umeme uliolipwa na umma, na, lililo kubwa zaidi, kwa makosa ambayo umma uliyavumilia. Siku alipofuta jalada la wanafunzi kwa bahati mbaya, ni wanafunzi waliopanga mstari upya. Siku alipochelewa kuirudisha seva, ni wagonjwa waliosubiri. Kila somo analolijua lina mtu mwingine aliyelilipia nusu ya karo. Kwa hiyo ujuzi wake ni amana: uko mkononi mwake, anautumia kwa heshima yake, lakini una wenyewe wengine. Mwenye amana hana haki ya kuitupa, wala hana haki ya kuizika.

Hapa sharti siri mbili zitenganishwe, maana wengi huzichanganya. Nywila ni siri. Taarifa za mgonjwa ni siri. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022 imeyatia mambo kama haya nguvu ya dola. Mtu aandikaye nywila wazi katika maagizo yake, mahali panapofikiwa na kila mkono, amevunja amana kwa upande wa pili. Lakini njia ya kazi si siri. Namna seva inavyowashwa, namna nakala ya akiba inavyochukuliwa, na namna inavyojaribiwa kama inarudi, hayo si mambo ya kufungiwa. Mlinzi mwema huficha ufunguo. Haifichi njia ya kwenda mlangoni.

Tanzania yenyewe ina kumbukumbu ya gharama ya ujuzi usioenea. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Miaka iliyofuata ilijaribiwa kazi ya kuyahamishia mahesabu ya Serikali katika mitambo, na kazi ile ilikwenda vibaya. Mitambo ilikuwapo, wenyeji wenye ujuzi wa kuiamuru na kuitunza hawakutosha, na nchi ilitegemea wageni. Mwaka wa 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hayo yakaja kulegezwa polepole baadaye. Waweza watu kubishana kama amri ile ilikuwa ya busara. Lakini maana yake haina ubishi. Nchi iliufunga mlango kwa sababu ndani ya nyumba palikuwa na chombo ambacho ufunguo wake ulikuwa katika vichwa vya wengine. Kwa upande wa pili, mwaka wa 2023 mfumo wa ununuzi wa umma uitwao NeST, uliotengenezwa na Watanzania, ulichukua mahali pa mfumo uliotengenezwa na kampuni ya nje. Tofauti ya nyakati hizi mbili si tofauti ya mashine. Ni tofauti ya watu wawezao kuandika na kusahihisha walichoandika.

Linalokuwa kweli kwa taifa huwa kweli kwa chumba kimoja. Mtunzaji wa Mbeya hupata barua ya uhamisho. Wa Iringa huugua. Mwingine hupata kazi Dodoma kwa mshahara bora, na hana kosa kuupokea. Anayemrithi hukuta seva kumi zinazofanya kazi kwa sababu asizozijua. Anaogopa kuzigusa. Hazisahihishwi dosari zake mwaka wa kwanza, wala wa pili. Na mlango uliooza kwa kuogopwa huja kuvunjwa na mwizi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ujuzi uliondoka na mtu, kwa kuwa haukuwa umepewa mahali pengine pa kukaa.

Pingamizi la pili ni la heshima. Wapo wasemao kwamba fundi wa kweli hujulikana kwa mkono wake, na kwamba anayeuamuru mtambo ufanye kazi yake amekuwa mvivu mwenye cheo. Maneno haya yana ladha ya ukweli. Walakini mkulima wa Mbozi au wa Usangu aliyeacha jembe la mkono akashika plau hakuacha kuwa mkulima. Bado sharti aijue ardhi, mvua, na majira. Asiyejua kulima kwa jembe huharibu ekari nyingi zaidi kwa plau. Ndivyo ilivyo hapa. Maagizo hayawezi kuandikwa na mtu asiyejua kazi ya mkono, kwa kuwa hajui kitu gani huvunjika, saa gani, wala kwa ishara gani. Kijana kutoka Mbeya ana lugha ya maagizo, lakini hana la kusema ndani yake. Mzee wa Iringa ana la kusema, lakini hana lugha. Wakiketi mbali, mmoja ni kalamu bila wino na mwingine ni wino bila kalamu. Wakiketi pamoja, taasisi ina fundi mmoja kamili.

Na kuketi pamoja kunadai unyenyekevu wa pande mbili, nao si rahisi. Mzee sharti akubali kufundishwa herufi na mtu wa umri wa mwanawe. Akosee mbele yake, acheke, aanze tena. Kijana sharti akubali kwamba yale aliyoyaita mazoea ya kizamani aghalabu ni makovu: kila kawaida ya ajabu katika chumba kile ina usiku mmoja mbaya ulioizaa. Kabla ya kuifuta kawaida, na aulize usiku ule ulikuwaje. Maandishi mema huihifadhi sababu pamoja na agizo. Agizo lisilo na sababu ni amri; agizo lenye sababu ni fundisho.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na wapenzi wa mambo mapya hulipita haraka. Ni hili: mkono hukosea mara moja, lakini maagizo hukosea mara elfu. Je, si hatari kumpa mtu mmoja uwezo wa kuharibu kila kitu kwa mstari mmoja?

Ni hatari, na mifano ipo. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilitoa sahihisho lenye dosari, likaenda kwa wateja wake kwa wakati mmoja. Kompyuta kiasi cha milioni 8.5 ziliangushwa. Ndege zilikaa chini, hospitali zilirudi katika karatasi. Aliyetaka kuonya juu ya mitambo inayojiendesha hana haja ya kutafuta mfano mwingine. Lakini mkono nao una mifano yake. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa huko huko Marekani, ilikuwa imeweka programu mpya katika seva zake nane. Fundi aliiweka kwa mkono katika saba, ya nane ikasahauliwa, na hapakuwa na mtu wa pili wa kuhakiki. Soko lilipofunguliwa, seva ile ya nane iliamsha maandishi ya zamani yaliyokuwa yamelala. Katika dakika kama 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400, na mwaka uliofuata haikuwa tena kampuni ya kujitegemea. Ile ya nane ya Knight ndiyo ile ya ishirini na tatu ya chumba cha wanafunzi. Kinachotofautiana ni bei.

Basi mkono si salama, na maagizo si salama. Hakuna chombo kinachomwondolea mtu wajibu wa kuangalia. Lakini pana tofauti moja ambayo ni ya maadili kabla ya kuwa ya ufundi. Kosa la mkono huondoka na mkono. Haliachi alama, na kesho hutendwa na mwingine. Kosa lililoandikwa laweza kusomwa kabla halijatendeka. Mwenzake mwandishi aweza kuliona. Laweza kujaribiwa katika kompyuta moja kabla ya thelathini, na katika ofisi moja kabla ya mkoa. Likitokea, laweza kurudishwa nyuma kwa kuwa daftari linajua jana palikuwaje. Likisahihishwa, husahihishwa kwa wote na kwa siku zote. Kwa hiyo maandishi hayapunguzi dhamana ya fundi. Huiongeza, na wakati huo huo humpa njia ya kuibeba. Aandikaye agizo linalotenda katika seva mia ametenda mara mia. Asiseme, "Ni mashine." Mashine haina nia. Kilichotendwa ni neno lake, na neno la mtu humfuata.

Kutokana na hayo hutoka kanuni tatu, nazo si za Oslo wala za Ghent tu. Bibi yeyote anayeonja mchuzi kabla ya kuupakua anazijua. Kwanza, usitende kwa wote usilolijaribu kwa mmoja. Pili, agizo kubwa lisipite macho mawili tu. Liwe na macho manne. Tatu, usiende mahali usipojua njia ya kurudi. Nakala ya akiba isiyowahi kujaribiwa kurudishwa si nakala, ni tumaini.

Tumaini la namna hiyo liliiponza kampuni ya GitLab tarehe 31 Januari 2017. Usiku, mtumishi mmoja aliyekuwa akipambana na tatizo alifuta data katika seva asiyoikusudia. Walipozikimbilia nakala za akiba, njia kadhaa walizozitegemea zilikutwa hazifanyi kazi; waliponea nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita nyuma, na yaliyoandikwa na wateja katika saa hizo yakapotea. Kisa hiki kinastahili kukumbukwa kwa jambo jingine zaidi ya kosa. Kampuni iliyatangaza yote mbele ya dunia: kilichotendwa, kilichokosekana, na kitakachorekebishwa, wala haikumtoa mtumishi yule kuwa kafara. Ikauliza, si "Nani kafuta?" tu, bali "Kwa nini iliwezekana kufuta?"

Hapa ndipo zamu ya wakubwa inapofika, maana mpaka sasa mzigo wote umekuwa juu ya mtunzaji. Anadaiwa aandike, je, yeye hadai kitu? Anadai, na deni lake ni la haki.

Anadai wakati. Mtu anayeitwa huku na huku tangu asubuhi kwa ajili ya mashine ya kuchapia iliyokwama hawezi kujifunza uandishi wa programu saa nne za usiku na kuambiwa kwamba ni uzembe asipojua. Kama taasisi inaitaka kazi mpya, na itoe saa za kazi kwa kuijifunza. Anadai kutoumizwa na ukweli wake. Aliyekosa akakiri, akaandika sababu ili wengine waokoke, akapewa barua ya onyo kwa malipo, amekuwa fundisho kwa wenzake wote. Nao hawatakosea tena hadharani, watakosea gizani. Adhabu ya aliyesema kweli ni shule ya uongo. Lakini aliyeficha, au aliyeruka majaribio akijua, huyo ana shauri jingine, na haki haimtaki ahurumiwe kwa jina la kujifunza.

Na anadai mkate. Ni unafiki kusema kwamba maagizo hayapunguzi kazi ya mtu. Hupunguza. Katika chuo kidogo ambacho wawili hutenda kazi ya sita, maagizo ni pumzi. Katika ofisi kubwa ambamo kumi walikuwa wakizunguka na kompyuta moja moja, baadhi ya mizunguko hiyo itakwisha. Jambo hilo lisifichwe. Walakini taasisi iliyopokea amana kutoka kwa mtu, kisha ikamfukuza kwa sababu ameitoa, imetenda dhuluma, hata kama hakuna kifungu cha mkataba kilichovunjwa. Aliyefungua kichwa chake kwa faida ya wote awe wa kwanza kufundishwa kazi mpya, si wa kwanza kuonyeshwa mlango. Pasipo ahadi hiyo, mzee wa Iringa yuko sahihi kunyamaza, na lawama ya ukimya wake ni ya aliyemfundisha kuogopa.

Lipo deni jingine ambalo wengi hawalioni, nalo ni la lugha. Maagizo ya mitambo huandikwa kwa maneno ya Kiingereza, na hilo halina tiba ya haraka. Lakini maelezo yaliyo kando ya maagizo, yaani kwa nini jambo hili, kwa nini hapa, kwa nini si siku ya mshahara, hayo hayalazimiki kuwa ya Kiingereza. Ni ya watu kwa watu. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili, na ikaonekana kwamba lugha haikupasuka kwa kubeba mambo hayo. Mtunzaji anayemwelezea mrithi wake kwa Kiingereza cha kuungaunga, hali wote wawili hufikiri kwa Kiswahili, ameandika na kuficha kwa pamoja. Sababu ya kweli ni ile ambayo mtu angeisema kwa mdomo. Na iandikwe hivyo hivyo.

Elimu haina mwisho, na pengine mwaka wa arobaini wa umri ni mwaka mgumu wa kuanza tena. Lakini swali la mtunza mitambo wa Nyanda za Juu si kama ana akili ya kujifunza lugha ya maagizo. Akili anayo; aliyeweza kuisikiliza mashine kwa miaka ishirini akajua inaumwa nini kwa sauti ya mapangaboi yake hawezi kushindwa na mistari ya maandishi. Swali ni kama anaona kwamba kilicho kichwani mwake kimekaa huko kwa niaba ya watu. Na swali la mkubwa wake ni kama anaona kwamba mtu huyo si kisima cha kuchotwa kikauke.

Mvua za Aprili zikinyesha Iringa usiku, na radi ikapiga, umeme ukakatika na kurudi mara tatu, pana chumba ambamo mashine huzima na kuwaka. Mzee yuko safarini, au amelazwa, au amelala usingizi alioustahili. Kijana anafungua daftari la maagizo, anasoma agizo, anasoma na sababu iliyo kando yake, anajaribu kwa moja, kisha anaendesha kwa zote. Asubuhi muuguzi anafungua kompyuta yake na kumpa mama mmoja majibu ya mtoto wake. Hakuna anayetaja jina la mtu. Walakini katika daftari lile, mbele ya mstari uliookoa usiku, jina la mzee limeandikwa pamoja na tarehe.